Ukichora mnyama mlangoni, mteja anadhani yuko jikoni

Kamwene dada. Umeuliza kama mgahawa wako wa Kihesa, Iringa, unaweza kufanya ile Groundhog Day unayoona migahawa ya Marekani ikiiposti kila mwanzo wa Februari: chakula nusu bei, kahawa bure, na picha ya mnyama mnene aliyesimama kwa miguu miwili. Ukauliza pia kama kaka yako anayesindika siagi ya karanga anaweza kupanda gari hilo hilo. Ngoja nikusimulie, maana bango hilo mimi nilishalitundika. Mgahawa wangu uko Mwanjelwa, Mbeya, viti ishirini na kitu. Asubuhi chai na chapati, mchana wali wa Kyela, ndizi nyama na makande.

Kwanza tujue wenzetu wanafanya nini. Kila tarehe 2 Februari, kwenye mji mdogo wa Punxsutawney, Pennsylvania, wazee waliovaa kofia ndefu nyeusi wanamtoa yule mnyama, groundhog, wa jamii ya kindi ila mnene, wanayemwita Phil, mbele ya umati alfajiri. Akiona kivuli chake, baridi itaendelea wiki sita. Asipokiona, joto linakaribia. Wamefanya hivyo tangu 1887. Asili yake ni walowezi wa Kijerumani, ambao kwao mtabiri alikuwa mnyama wa jamii ya nyegere. Na kichekesho ni kwamba zamani watu wa mji huo huo walikuwa wakimwinda mnyama wao na kumla.

Kwa mgahawa wa kule ni biashara rahisi. Ni katikati ya baridi, watu wamejifungia ndani, na asubuhi hiyo redio na televisheni zote zinamtaja mnyama mmoja. Mwenye mgahawa halipii kumweleza mtu chochote, anaandika tu "amekiona kivuli, supu nusu bei" na kila mtu ameelewa. Hapo ndipo mimi nilipopotea. Nilidhani kinachovuta watu ni mnyama.

Februari 2, 2019 ilikuwa Jumamosi. Siku mbili kabla nilikwenda kwa kijana wa steshenari, akanitolea picha kwenye intaneti, akaichapa kwenye bango la mita moja na nusu: mnyama kajaa katikati, meno nje, chini maandishi "SIKU YA MNYAMA MTABIRI, NJOO UPATE OFA". Nililitundika juu ya mlango, nikajisikia mjanja.

Saa tatu asubuhi alipita mama mmoja anayeuza nyanya sokoni, mteja wangu wa chai wa kila siku. Akasimama. Akaangalia juu, akaangalia sufuria, akaangalia juu tena.

"Mwee! Baba, siku hizi mnapika panya?"

"Siyo panya mama, ni mnyama wa Marekani."

"Sasa panya wa Marekani ndiyo siyo panya?"

Nilijaribu kumweleza habari za kivuli. Alinisikiliza kwa adabu, akaagiza chai, akainywa amesimama. Mchana makande yaliisha kabla ya saa saba, jambo ambalo halijawahi kutokea Jumamosi. Rosti ya nyama ikabaki nusu sufuria. Hakuna aliyelalamika wala kuuliza. Watu walisoma bango, wakaangalia rosti, wakaagiza maharage. Jioni mhudumu wangu alilishusha mwenyewe bila kuniuliza, akalitandika chini ya mkaa.

Nilichelewa kuelewa, ingawa jibu liko kila barabara. Angalia mabango ya miji yetu. Buchani kachorwa ng'ombe, penye mbuzi choma kachorwa mbuzi, penye kitimoto kuna nguruwe anacheka. Kwetu picha ya mnyama kwenye nyumba ya chakula ndiyo menyu. Mteja hajakosea kusoma, ni mimi niliyeandika kitu nisichokikusudia. Ndiyo maana nakuambia, siku za wanyama ziko nyingi kwenye kalenda za mitandaoni, lakini nyingine hazifai hata kuzigusa ukiwa na jiko. Kuna siku ya paka ya kimataifa, tarehe 8 Agosti. Achilia mbali kwamba kwetu hiyo ni Nane Nane na Mbeya nzima iko viwanja vya John Mwakangale, wewe jaribu kuweka picha ya paka jirani na jiko la mishikaki uone utani utakaokuandama mwaka mzima. Mbwa ni hivyo hivyo.

Kuna mdau aliwahi kunishauri nimtumie kipunji, yule nyani wa misitu ya Rungwe aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, maana ni wetu na hapatikani nje ya Tanzania. Wazo zuri, ila siyo kwa mwenye sufuria. Kwa chai ya pakiti au kahawa ningelikubali mara moja. Bidhaa iliyofungwa, ambayo kila mtu anajua imetoka kwenye mmea, inaweza kubeba mnyama yeyote. Mfuko wa Saruji ya Tembo unatoka hapa hapa Songwe na hakuna fundi anayefikiri kuna tembo ndani. Kwa hiyo kaka yako ana uhuru kuliko wewe, nitamrudia.

Kosa la pili lilikuwa tarehe. Februari kwetu Nyanda za Juu ni mvua na matope, mahindi yako shambani, ada za shule zimekausha mifuko. Na hizo wiki sita ni za nini? Mvua yetu itakatika Aprili au Mei, mnyama atake asitake. Baridi yenyewe inakuja Juni. Nilikuwa nawauzia watu swali ambalo hawana.

Lakini nilipotulia niliona kuna kitu kimoja cha wale wazee wa kofia kinachofaa kuchukuliwa: swali lenye majibu mawili, linalojibiwa asubuhi, kila mtu akaona kwa macho yake, na hakuna anayeumia akikosea. Watu wanapenda kubishana juu ya hali ya hewa. Hilo halihitaji mnyama wa Pennsylvania.

Nikatafuta mnyama asiyeliwa, asiyeogopesha, ambaye kazi yake inaingia mezani. Kinyonga nilimfikiria kwa dakika tano kwa sababu ya kubadilika rangi, mke wangu akaniambia nikimchora huyo hata yeye haingii. Nikaishia kwa nyuki. Wengine watasema nyuki ni mdudu, sawa, mteja wa chapati hajawahi kunigombeza kwa hilo. Siku ya Nyuki Duniani ni tarehe 20 Mei. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2017, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2018, na tarehe ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Anton Janša, mfugaji nyuki wa Slovenia wa karne ya 18. Hayo ya Slovenia sikuyaandika popote. Ninachokipenda ni kwamba tarehe 20 Mei mvua imekatika, maharage yameingia sokoni, hela inaanza kuzunguka, na asubuhi zimeanza kuuma kiasi cha mtu kutamani kitu cha moto.

Nilianza 2022. Wiki nzima kabla, ubao wa chaki mlangoni uliuliza: "Ijumaa saa 2 asubuhi, Loleza ataonekana au amejifunika?" Mlima Loleza uko juu ya mji, ukisimama mlangoni kwangu unauona wote, au unaona ukungu mtupu. Mteja anaandika jina lake la kwanza kwenye daftari, upande wa "ataonekana" au "amejifunika". Sikukusanya hata shilingi, na wewe usikusanye. Ukianza kuchukua hela ya kubashiri umeingia kwenye michezo ya kubahatisha, na hiyo ina bodi yake na leseni zake. Kwangu hakuna anayeshindwa. Mlima ukionekana, kila anayekunywa chai siku hiyo anapata asali bure. Ukijifunika, anapata asali na andazi, kwa sababu baridi itakuwa imempiga.

Sasa hesabu, maana wengi wanauliza ofa na hawaulizi gharama. Lita moja ya asali niliinunua kwa 12,000. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo lita inatoa vijiko 200, shilingi 60 kwa kijiko. Vijiko viwili ni 120. Chai ya maziwa nilikuwa nauza 500, na sukari mteja anayetia asali haigusi. Hata siku ya mlima kujifunika, nyongeza yote haikufika 300 kwa kichwa, na hakuna anayekunywa chai peke yake. Ananunua chapati, wengine wanabeba asali kichupa kwa bei ya kawaida. Ndiyo maana nasema achana na nusu bei. Ukishusha bei leo, kesho mteja anakuuliza kwa nini umepandisha. Nyongeza anaijua tangu sokoni, fungu la nyanya lina nyongeza yake, na haimharibii hesabu ya kesho.

Nilikosea kitu kimoja hata hapo, bora nikuokoe mapema. Asali niliileta wiki mbili kabla, nikaiweka stoo kwenye sakafu ya saruji. Usiku wa Mbeya mwezi wa tano unaujua. Nilipofungua ndoo asubuhi ya tukio ilikuwa imeganda, nyeupe, ina chenga. Mteja wa kwanza alikoroga, akatazama kijiko, akasema "mmeichakachua kwa sukari." Asali halisi huganda kwa baridi, hiyo ndiyo kawaida yake, lakini huwezi kutoa semina mtu ana chai mkononi. Nilitia asali kwenye chupa, nikazisimamisha kwenye karai la maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, siyo yanayochemka, na baada ya kama nusu saa ikarudi kuwa laini. Siku hizi nafanya hivyo saa kumi na moja alfajiri kabla sijafungua. Jambo lingine: mama mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja mwambie asimlambishe. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto wa umri huo haliwezi kuvizuia.

Kwenye bango safari hii hakukuwa na mnyama mkubwa. Nyuki mmoja mdogo pembeni, kikombe kikubwa katikati, mvuke unatoka. Tena kabla ya kuchapa nilimwonyesha yule mama wa nyanya kwenye simu, nikamuuliza swali moja: "Hapa wanauza nini?" Akasema "chai ya asali." Nikachapa.

Usilete mnyama hai. Jirani yangu aliweka sungura kwenye tenga mlangoni sikukuu moja ili watoto wacheke, bwana afya akapita, mazungumzo yakawa marefu. Na wa porini ndiyo kabisa. Huko Iringa pimbi wako kwenye mawe, kijana anaweza kukuletea mmoja kwa elfu tano, usimpokee. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitaki umshike wala umfuge bila kibali, na huwezi kumweleza askari kwamba alikuwa anatabiri hali ya hewa.

Swali la mlima utalibadilisha, Loleza hamumwoni. Mji wenu uko juu na bonde la Ruaha Mdogo liko chini, kwa hiyo unaweza kuuliza kama saa 2 asubuhi Ipogolo itaonekana au itakuwa imezama kwenye ukungu. Wewe unaijua Iringa kuliko mimi. Cha muhimu kiwe kitu ambacho mwanafunzi akiwa kitandani anaweza kuchungulia dirishani akajua kama amepata au amekosa. Na wanafunzi unao wengi, wataposti picha ya ukungu wenyewe bila wewe kulipia tangazo.

Kuhusu kaka yako. Asiguse lebo yake yenye alama ya TBS, Shirika la Viwango. Achape vikaratasi vidogo vyenye nyuki, avifunge kwa kamba shingoni mwa chupa, tarehe ikipita anavikata na mzigo unaendelea kuuzwa. Asije akaandika "bila nyuki hakuna karanga", nimeona watu wanaandika hivyo kwa kila zao. Karanga hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, na wakulima wenu watamcheka. Parachichi ndiyo inamtegemea nyuki kwelikweli, muulize mtu yeyote wa Njombe au Rungwe mwenye miche shambani. Kwa siagi ya karanga aseme ukweli rahisi: chupa ya siagi na kichupa cha asali pamoja, paka kwenye mkate. Wewe uiweke mezani kwako asubuhi ya tarehe 20, kipande kimoja cha mkate cha kuonja, yeye akae pembeni na katoni yake.

Asali itafute kuanzia sasa, ukingoja Mei wauzaji watakuwa wameshajua unaihitaji. Na ndoo uiweke juu ya meza, siyo chini.