Nishani ya babu yenye neno «Abyssinie»: usiipeleke kwa mnunuzi wa shaba

Ndugu uliyeuliza kama nishani ya marehemu babu yako, yenye kipande cha chuma kilichoandikwa «Abyssinie» kwenye utepe, ina thamani yoyote zaidi ya bei ya shaba: ndiyo, inayo. Sisi watu wa Lubumbashi tumelelewa na shaba, na kila kitu chekundu chenye uzito tunakimbilia kukiweka kwenye mizani.

Hiyo uliyoieleza ni nishani ya Vita vya Afrika ya 1940–1945, ambayo Wabelgiji waliwatunuku askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, baada ya vita. Kipande cha juu ya utepe kinataja mahali askari alikotumikia: Abyssinie, Nigérie, Moyen-Orient, Madagascar au Birmanie. Abyssinie, yaani Ethiopia, ni kampeni iliyoishia Saïo, magharibi mwa nchi hiyo, mnamo Julai 1941, Waitaliano waliposalimu amri. Kwa mkusanyaji, kipande hicho kinaweza kuwa na maana zaidi kuliko nishani yenyewe. Lakini kwa kuwa kimevalishwa tu kwenye utepe, muuzaji mjanja anaweza kukiongeza leo asubuhi. Ndiyo maana kitabu cha askari, barua ya kutunukiwa, hata picha ya babu akiwa ameivaa, vinapandisha bei kuliko kitu kingine chochote. Waulize shangazi zako kabla hujamuuliza mnunuzi. Karatasi hizo hukaa chini ya masanduku ya nguo.

Usiisugue. Mzee mmoja wa Katuba aliwahi kuniuzia medali ya ukumbusho ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya hapa kwetu, ya 1906–1956, yenye rangi tulivu ya kahawia, nami usiku uleule nikaikwangua kwa ndimu na majivu kama sufuria ya mama, mpaka ikang'aa kama waya mpya. Mkusanyaji aliyekuwa ameniahidi kuinunua aliigeuza mara moja, akanirudishia mkononi bila kutaja bei.

Pia tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia, maana mji huu hauna upungufu wa mafundi wa kuyeyusha shaba. Medali halisi iliyogongwa kwa mhuri wa chuma ina herufi zenye makali na uwanja laini, yaani ile sehemu tupu kati ya herufi na picha. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo kama vya mkate, herufi zilizolegea, na wakati mwingine mstari uliopigwa tupa ukingoni. Nakala hiyo huwa ndogo kidogo pia, kwa sababu metali husinyaa inapopoa.

Ukiambiwa ni ya fedha, ipime kavu, kisha ipime tena ikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Yenye gramu 42 ikipungua gramu 4 majini, ni karibu na fedha, ikipungua 4.8, ni bronzi, hata kama inang'aa namna gani. Ondoa utepe kwanza, maana maji yataharibu rangi zake.

Kuhusu bei, usitazame kile wauzaji wanachodai mtandaoni, tazama minada iliyokwisha kufungwa. Tuwekee hapa picha za pande zote mbili, za ukingo, na za mgongo wa kile kipande, ukimulika taa kutoka ubavuni.