Jibu la msomaji: Ndanda si mji wa kupumzikia

Swali lenu la wiki iliyopita liliuliza: mgeni akija Kusini mwa Tanzania kwa siku chache, mji gani mdogo wenye mto na milima umpeleke akapumzike? Najua wengi watajibu Ndanda. Hata mimi jina la kwanza kunijia lilikuwa hilo, kisha nikapandwa na hasira kwa sababu ya hilo neno "akapumzike".

Kwetu sisi wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, Ndanda hakuendwi kupumzika, kunaendwa kuuguza. Ukisikia jirani kashushwa Ndanda huulizi kafuata nini, unauliza anaumwa nini na kaondoka na nani. Misheni iko pale tangu 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vibichi, na hospitali yake iliwapokea wazazi wetu kabla sisi hatujazaliwa. Vijana wakisikia Ndanda wanafikiria timu ya mpira, ambayo uwanja wake wa nyumbani ulikuwa huku Mtwara mjini, Nangwanda Sijaona. Mimi nikisikia Ndanda nasikia harufu ya dawa na uji wa mgonjwa.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 11. Babu alikuwa na ngiri, ikabidi apasuliwe, na bibi akanichukua niwe mtu wa kutumwa. Tulishuka mlima kwa basi hadi Masasi, tukalala kwa ndugu, kesho yake tukashika barabara ya Lindi, kilomita 40 hivi, mpaka Ndanda. Tulikaa siku tisa. Kuhusu babu sina mengi: alipasuliwa, akapona, akala korosho zake miaka mingi baadaye. Kilichonikaa ni maji.

Wa mlimani wenzangu wanaelewa. Newala ya wakati ule aliyekuwa na nyumba ya bati alikinga mvua kwenye kisima cha saruji uani, akakifunga kwa kufuli. Yetu ilikuwa ya nyasi. Bomba la mradi likitoka, foleni ilianza usiku. Lisipotoka, mama zetu walishuka bondeni na ndoo na kupanda nazo. Maji yaliyoosha vyombo yaliosha miguu, kisha yakaenda kwenye mpapai.

Asubuhi ya kwanza pale Ndanda tulikwenda kijitoni kufua mashuka ya babu. Maji yanatoka chini ya mlima, ya baridi, yanapita juu ya mawe na unaona changarawe moja moja. Bibi hakuingia. Alisimama ukingoni, khanga kaishika kifuani, akamwuliza msichana aliyekuwa anafua, "Mwanangu, maji haya yanakwenda wapi?"

"Yanaingia Lukuledi, bibi."

"Na Lukuledi?"

"Baharini, Lindi."

Bibi akanyamaza. Kisha akauliza, "Yote?"

Msichana akacheka, akasema yote, usiku na mchana. Bibi hakucheka. Aliketi kwenye jiwe, akatia mikono yote miwili majini hadi kwenye viwiko, akaiacha humo muda mrefu. Mashuka niliyafua peke yangu.

Pale wauguzaji walipokuwa wanapikia kulikuwa na bomba linalodondosha. Bibi aliweka sufuria chini yake. Ikijaa, anaimimina kwenye ndoo na kuirudisha. Usiku aliamka kuitazama. Mama mmoja wa Nyangao akamwambia, "Bibi, hapa maji hayaishi." Akajibu, "Najua, mwanangu," na asubuhi sufuria ilikuwa pale pale.

Siku ya kuondoka alinunua dumu la lita 20, akalijaza. Halikuwa na kifuniko, akaziba kwa gunzi la mhindi lililozungushiwa nailoni. Pale Masasi konda wa basi la Newala akataka lipandishwe kwenye keria, bibi akakataa. Konda akainama akanusa gunzi, akidhani ni pombe ya mabibo.

"Ni uraka huu?"

"Ni maji."

"Maji unapeleka wapi, bibi?"

"Nyumbani."

Akatozwa nauli ya mzigo, akafungua fundo la khanga akalipa bila kubishana, yeye aliyekuwa anabishana hata bei ya chumvi. Tulipoanza kupanda mlima gunzi lilichomoka, maji yakatembea chini ya viti hadi kwa waliokaa nyuma kabisa. Watu wakainua miguu, wakasema pole bibi. Hakuna aliyegomba. Alifika na kama nusu dumu, akawaita majirani, kila mmoja kikombe. Nakumbuka walivyokunywa wamesimama, bila kuongea.

Miaka minne baadaye, darasani, mwalimu wa jiografia alituchorea ubaoni uwanda wa Makonde: mvua inanyesha juu, inazama kwenye mchanga, inagota kwenye tabaka lisilopitisha maji, inatokeza kwenye chemchemi za ubavuni na chini ya mlima. Niliweka kalamu chini. Maji aliyoyalipia nauli bibi yangu ilikuwa mvua ya kwetu.

Nilianza kuandika nikitaka kusema mgeni asipelekwe Ndanda kabisa. Sasa nasita. Kumficha mgeni kile kijito hakumpunguzii mtu wa mlimani ndoo hata moja. Basi apelekwe, ila aanzie juu. Alale Newala, aoge kwa ndoo moja, jioni asimame pale Shimo la Mungu atazame bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Kesho yake ndipo ashuke. Julai ni kuzuri, kuna baridi na mikorosho imechanua. Masika simshauri. Anunue ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha njiani. Asipige picha watu wanaopikia wagonjwa wao. Na anayesema ameshakunywa maji ya Ndanda ya chupa, yale yanayouzwa madukani huku Mtwara, mimi simhesabu kuwa amefika, japo hata kwangu yamo.

Nasema hivi nami mara mbili za mwisho nimepita pale na basi bila kushuka, kwa hiyo hali ya kijito chenyewe leo aulizwe mtu wa Ndanda. Mgeni wangu wa kwanza atakuwa binti yangu. Ana miaka kumi, amezaliwa Shangani ya hapa Mtwara mjini, na huacha bomba wazi akipiga mswaki. Siku mbili zinatosha, labda tatu. Habari ya dumu sijaamua kama nimsimulie tukiwa bado juu, au tukishafika majini.