Nyonga kwanza, urefu baadaye

Dada yangu, pole na mahangaiko. Umeuliza kwa nini daktari anataka kumpasua mwanao nyonga kwanza, wakati shida unayoiona ni paja fupi alilozaliwa nalo. Hata mimi niliuliza hivyo hivyo, tena kwa hasira.

Mfupa wa paja ukirefushwa, misuli haifuati kwa kasi ileile. Inakaza na kuusukuma mfupa juu, kwenye nyonga. Watoto wengi wa hali hii kikombe cha nyonga yao, yaani shimo linaloshika kichwa cha mfupa wa paja, hakina kina cha kutosha, basi kichwa hicho huanza kuteleza nje kidogo kidogo. Kikichomoka, urefu wote uliopatikana haumsaidii, atachechemea tu. Ndiyo maana kikombe hutengenezwa kwanza, kikaachwa kipone. Muulize daktari kikombe kimekifunika kichwa kwa pembe gani kwenye eksirei. Madaktari wengi hawapendi kuanza kurefusha pembe hiyo ikiwa chini ya digrii 20.

Kwenye kurefusha kwenyewe, mfupa hukatwa, kisha chuma kilichofungwa nje ya paja huuvuta taratibu, kwa kawaida kama milimita 1 kwa siku, robo robo. Nilizungusha nati ya chuma hicho asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, mwanangu akihesabu kwa sauti. Usiku mmoja nikakuta paja limevutwa ndani, haliachani na lenzake, dalili kwamba misuli imekaza na nyonga huenda inateleza. Kesho yake tukapiga picha, kasi ikapunguzwa. Kwa hiyo mazoezi ya kutanua mapaja usiyaruke hata siku moja, na kila eksirei hakikisha inaonyesha nyonga pia, siyo pale palipokatwa tu.