Maswali ya Wasomaji: Baba Avae Nini Ufukweni?

SWALI: Kwako mshauri wa mavazi. Shule zikifungwa mwezi wa Juni nakusudia kumleta mke wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe wangu Unguja kwa mapumziko. Tutakaa Paje, na siku moja tutatembelea Mji Mkongwe. Mimi ni mtu wa ofisini, na kabati langu limejaa suruali nyeusi na mashati ya mikono mirefu. Nimevutiwa na mtindo wa Kimarekani uitwao prepi: fulana za kola za rangi nyepesi, pensi za kadeti zinazoishia juu ya goti, mashati ya kitani, na viatu vya ngozi vinavyovaliwa bila soksi. Mke wangu anasema nitaonekana mtalii aliyepotea. Je, mtindo huu unafaa huko kwenu, na kama unafaa, ninunue nini?
Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, mtindo huo unaelewana na pwani kuliko mkeo anavyodhani. Ulikuzwa katika shule za binafsi za mashariki mwa Marekani, zile zilizowaandaa vijana kuingia vyuo kama Harvard, Yale na Princeton, na nguo zake nyingi zilikuwa za michezo na za vyombo vya baharini kabla hazijawa fasheni. Fulana ya kola ilienezwa na mcheza tenisi wa Ufaransa, René Lacoste, ambaye katika miaka ya 1920 aliivaa uwanjani badala ya shati la mikono mirefu lililokuwa desturi ya wachezaji wa wakati wake, na mwaka 1933 akaanza kuiuza. Vile viatu vya ngozi navyo vilitokana na kazi ya Mmarekani Paul Sperry, aliyetengeneza mwaka 1935 kiatu chenye soli ya mpira iliyochanjwa mistari myembamba ili kisiteleze juu ya sitaha iliyolowa. Kwa hiyo vivae kwenye boti utakapovuka kutoka Dar es Salaam, maana mwezi wa Juni upepo wa kusi huipandisha bahari na sitaha hurushiwa maji. Lakini usiingie navyo baharini, kwa kuwa ngozi iliyolowa maji ya chumvi ikikauka huwa ngumu na kupasuka.

Ugumu uko kwenye pensi. Waislamu wa Zanzibar wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu stara ya mwanamume kuwa ni baina ya kitovu na magoti. Hotelini na mchangani hakuna atakayekusemesha, kwani wenyeji wa Paje wamekwishazoea wageni wa kila namna. Lakini Paje ni kijiji cha watu wanaoishi, chenye misikiti, madrasa na maduka, na mgeni anayetoka ufukweni kwenda kununua mkate au vocha anapita mbele ya wazee waliokaa barazani na watoto wanaotoka chuoni. Hapo mapaja ya mtu mzima hayapendezi, na ukimya wa wazee usidhani kuwa ni ridhaa. Zaidi ya hayo, unasafiri na mama mkwe. Sidhani kuna haja ya kutafuta kipimo kingine: vazi ambalo usingethubutu kumwamkia nalo asubuhi, liache dukani. Chukua pensi moja tu, nayo ipite goti kwa vidole vitatu au vinne, kisha fedha iliyobaki nunua suruali mbili ndefu za kadeti, moja ya kahawia hafifu na nyingine ya buluu iliyokoza, zenye nafasi ya kutosha kuzikunja mpaka juu ya kifundo cha mguu unapotembea mchangani. Suruali ya namna hiyo hutoka ufukweni, ikapita kijijini, ikafika Mji Mkongwe, bila wewe kurudi chumbani kubadilisha.

Upande wa juu uko huru zaidi. Mashati mawili ya kitani na fulana tatu za kola zinatosha, ziwe nyeupe, buluu ya mbingu au waridi iliyopauka, na usihangaike na pasi, kwa kuwa kitani kilichojikunja kidogo ndiyo haiba yake. Usinunue kwa kutazama rangi peke yake. Soma kipande cha kitambaa kilichoshonwa ndani ya shingo, na kama kimeandikwa poliesta, rudisha, hata muuzaji akiapa. Poliesta haifyonzi jasho, na vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo kuta zake ndefu huzuia upepo, vitakukumbusha hivyo kabla hujafika Forodhani. Ningekuwa wewe ningeanza na mitumba ya Karume, ambako mashati mazuri ya kitani hupatikana kwa mwenye subira ya kupekua, kabla ya kwenda kwenye maduka yenye vioo. Koti la buluu lenye vifungo vya shaba, ambalo picha za mtindo huu hulipenda mno, libaki Tabata.

Kuna vazi moja la prepi ambalo wengi hulicheka, nalo ni sweta jepesi la pamba linalotundikwa mabegani na mikono yake kufungwa kifuani. Mwezi wa Juni huku Paje lina kazi. Paje inaelekea mashariki, na kusi huipiga mchana kutwa, ndiyo sababu wanaoteleza majini kwa tiara hupapenda; jua likishazama, mtu aliyetoka kuoga baharini hutetemeka. Beba na la mama mkwe.

Jambo ambalo wageni wa bara hulisahau ni maji yenyewe. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Kwa kuwa pwani ya Paje ni tambarare mpaka kwenye mwamba, maji yakipwa huondoka mbali sana, na hapo hakuna kuogelea, bali kuna kutembea. Muulize mwenyeji wako saa za maji jioni iliyotangulia, kisha ndipo upange nguo: yakijaa, bukta, yakipwa, suruali iliyokunjwa, kofia pana na shati la mikono mirefu, kwani jua la mchana kwenye ule mchanga mweupe huchoma kutoka juu na kutoka chini. Watoto usiwaache peku. Kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu inayovunjikia ndani ya nyayo, kwa hiyo viatu vya plastiki vya bei ndogo vitawafaa kuliko raba nzuri. Wafundishe pia kupita kando ya vijiti na kamba watakazoziona, kwa sababu hayo ni mashamba ya mwani ya akina mama wa kijiji.

Kuhusu picha za familia, nakusihi usiwavishe wote nguo za namna moja. Mkeo na mama yake bila shaka watakuwa na madera na kanga, ambazo zina rangi za kutosha familia nzima. Wewe ukivaa shati jeupe lisilo na maua, picha itatulia. Kaptula za watoto zenye mabaka yanayofanana na sare za jeshi usizipakie kabisa, kwani raia hawaruhusiwi kuzivaa, na afisa bandarini hatauliza kama ni fasheni.

SWALI: Kaka zangu wanakuja likizo kutoka Maskati na tunataka kuwapeleka Vumawimbi pamoja na watoto. Wao huogelea na bukta fupi za kubana, na baba yetu, ambaye tutafuatana naye, hazikubali. Je, wavae kikoi?
Msomaji wa Wete, Pemba

JIBU: Kikoi ni vazi la kukalia ufukweni, si la kuogelea. Wimbi la kwanza hulilegeza fundo, na la pili hulichukua. Wanunulie bukta pana za nailoni zinazofika magotini, kisha kila anayetoka majini ajifunge kikoi kikavu juu yake. Mzee ataridhika, nao watakaa kwa raha. Kwa kuwa Vumawimbi hakuna maduka, chukueni vikoi vya ziada, maji ya kunywa na mwavuli mkubwa tangu Konde, kabla hamjaingia msitu wa Ngezi.

SWALI: Nilitoka Nungwi na shati langu la drafti jekundu limechuja rangi na kuchafua suruali nyeupe. Je, ni chumvi ya bahari?
Msomaji wa Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Chumvi haina kosa kubwa hapo. Drafti nyingi za pamba zinafuata mfano wa vitambaa vya Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, na zile za asili zilitiwa rangi ambazo huchuja kila zinapofuliwa. Wamarekani walipoanza kuzivaa walilalamika kwanza, baadaye wakalipenda hilo hilo la kupauka. Lifue peke yake kwa maji baridi. Suruali nyeupe iloweke mara moja kabla doa halijakauka, na usiitie pasi mpaka doa limetoka, kwa sababu joto hulishikisha. Nguo zote zilizoingia baharini zisuuzwe siku ile ile kwa maji ya bomba, kwani visima vingi vya vijiji vya pwani vina chumvi yake, kisha zigeuzwe ndani nje na kuanikwa kivulini.