Vidole viwili chini ya mtulinga

Alhamisi iliyopita, saa mbili kasoro asubuhi, nikiwa stendi ya Moshi, sista mmoja niliyemfundisha mwezi uliopita alinipigia. "Mwalimu, shikamoo. Nimeikuta."

"Marahaba. Umekuta nini?"

"Betri ya moyo. Upande wa kushoto, chini ya mtulinga. Kwenye faili haimo, na babu anaingizwa thieta sasa hivi."

Betri hiyo ni kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ili kuusukuma moyo upige. Sista alisimamisha kitanda mlangoni. Kadi ya kifaa ikafuatwa nyumbani, upasuaji ukasogezwa hadi mchana. Nilikaa kwenye benchi la stendi, machozi yakanilenga.

Miaka sita nyuma, katika hospitali nyingine, nilikuwa fundi wa vifaa tiba thieta. Mzee mmoja alikuja kwa henia, ana betri kifuani. Sahani ya kurudisha umeme wa dayathemi, mashine ya kukatia nyama kwa umeme, ilibandikwa begani badala ya pajani, na kwa hiyo umeme ulikuwa unapita kifuani. Nikasema. Nikajibiwa fundi ashughulike na mashine zake. Daktari alipowasha, mstari wa moyo kwenye skrini ulijaa michirizi, lakini mlio wa kifaa cha kidoleni kinachofuata mapigo ukanyamaza kabisa. Alipoinua mkono, mlio ukarudi. Betri ilidhani ule umeme ni mapigo ya moyo, ikaacha kuusukuma moyo ambao bila yenyewe haukuweza kupiga. Mzee aliamka salama. Tukio halikuandikwa popote, na jibu lile bado linaniuma.

Ndiyo maana nafundisha. Semina ya kwanza nilionyesha slaidi hamsini, watu wakasinzia. Sasa nachonga kipande cha mti ukubwa wa saa ya mkononi isiyo na mkanda, nakishonea chini ya ngozi ya mbuzi, nafunika kwa shuka, kila mtu anatafuta kwa vidole viwili. Aliyewahi kukigusa hasahau.

Nawe unayetaka kufundisha wenzako, anza hapo: gusa, uliza kadi, ndipo uwashe mashine. Dayathemi ikitumika, sahani ikae mahali ambapo umeme hautapita kifuani, na daktari akate kwa vipindi vifupi vifupi. Chumba cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, nacho kina sumaku inayofanya kazi usiku na mchana, hata pasipo mgonjwa ndani.

Jambo ninalolirudia mpaka wananichoka ni sumaku ya kuweka juu ya kifaa. Kwenye betri ya kawaida, mara nyingi hufanya moyo usukumwe kwa kasi isiyobadilika, bila kusikiliza kelele za umeme wa nje. Kwenye kifaa cha kushtua moyo, ambacho nacho hupandikizwa kifuani, kwa kawaida huzima mshtuko tu, haigusi usukumaji. Sasa mgonjwa anayetegemea usukumaji huo, ukimwekea sumaku ukadhani umemlinda, umemwacha wazi. Ndugu zangu, kutojua ni kifaa gani ni sawa na kutojua kundi la damu. Uliza! Hata kama bosi amekunja uso, hata kama wewe ni mhudumu wa mwezi wa kwanza, sema kwa sauti inayosikika. Mimi nilisema mara moja, nikanyamaza.

Jumatatu naanza na wahudumu wa zamu ya usiku. Wao ndio wanaowabadilisha wagonjwa nguo kabla ya thieta, na kile kivimbe wanakiona kabla ya daktari.