Ukianza boda Moshi, anza na joto na taa

Mdogo wangu uliyekabidhiwa pikipiki ya mkataba juzi, kijiweni watakufundisha hesabu ya bosi na namna ya kupanga foleni. Kuhusu matunzo watakuambia mwaga oili, kaza cheni, basi. Kwa anayezunguka Majengo, Soweto na Mbuyuni mpaka jioni, hayo yanaweza kumtosha. Ukishaanza kupandisha watu Kibosho na Uru, tena ukirudi usiku, angalia zaidi joto la injini na taa.

Boxer, TVS na nyingi nyingine unazoziona mjini hazina rejeta. Injini inapozwa na upepo unaopita kwenye zile mbavu za silinda, ikisaidiwa na oili inayozunguka ndani. Kwenye lami ya Himo upepo upo wa kutosha. Lakini panda Kibosho kwa gia namba moja, una mshikaki na mkungu wa ndizi juu (sheria inakuruhusu abiria mmoja, lakini najua mnavyofanya): injini inatoa nguvu zake zote, na upepo ndiyo hivyo haupo. Pistoni na ringi zinaumia hapo.

Kwa hiyo mbavu zikae wazi. Oili ikivuja kidogo juu, vumbi la Mabogini linaganda nayo, masika tope linaongezea, na baada ya muda huoni tena nafasi kati ya ubavu na ubavu. Injini ikiwa baridi, chukua mswaki wa zamani na kijiti, safisha mpaka ndani. Angalia pia lile turubai mnalofunga mbele kukinga miguu na baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Likikaa mbele ya silinda, umeikinga injini na upepo unaoipoza.

Dalili za joto kuzidi ni nguvu kupungua mlimani, harufu ya oili kuungua, na mlio wa kugongagonga ukivuta mafuta. Simama kivulini, zima, subiri. Usiimwagie maji. Watu wanachota mtaroni wanamwagia injini inayofuka, chuma kinapoa ghafla upande mmoja na kujipinda, kisha wanashangaa gasketi inavuja.

Oili ipime asubuhi, pikipiki ikiwa wima mahali tambarare. Nunua ya pikipiki, 20W-50, na kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hizi inaoga kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zinaifanya iteleze. Mimi namwaga kila kilomita 2,000 hivi. Kama waya wa spidi umekatika, na zilizokatika ni nyingi, kilomita hazihesabiki, hivyo andika tarehe ya kumwaga kwenye simu. Oili ikipungua bila kuvuja popote na bomba linatoa moshi wa bluu, huenda ringi zimechoka. Mwambie bosi mapema, usiongeze kimyakimya.

Haya, taa. Ukungu wa juu huko unakufanya utamani mwanga mkali, na dukani mangi atakuuzia balbu ya gari kwa furaha. Isome kwanza. Balbu ya pikipiki nyingi ndogo, HS1, ni wati 35/35. Ya gari, H4, ni 60/55, na kwa umbo zinakaribiana sana, hivyo fundi akipiga tupa kidogo inaingia. Umeme wa pikipiki haukupangiwa mzigo huo. Soketi inayeyuka, betri inalala. Spotilaiti za kuongeza zina shida hiyo hiyo zikizidi. Mara nyingi mwanga hafifu unatokana na kioo chenye vumbi, au waya wa bodi (ule wa ethi, unaofungwa kwenye chuma cha fremu) ulioshika kutu. Kwaruza pale unapofungwa, kaza upya, ndipo ufikirie kununua.

Balbu zikiungua mara kwa mara, usiendelee kununua. Mwombe fundi umeme aweke mita kwenye betri injini ikiwa imevutwa kidogo: ikisoma volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa, ikipanda sana juu ya hapo angalia regyuleta, kile kifaa kinachozuia umeme wa chaji usizidi.

Taa ya breki inasahaulika kuliko zote. Ukikaza breki ya nyuma, swichi yake pale kwenye pedali inahitaji kurekebishwa pia, la sivyo taa itawaka umeshasimama, au itawaka muda wote. Fanya hivi: simama karibu na ukuta jioni, kanyaga taratibu, uone inawaka wakati gani. Kwenye barabara ya Arusha, lori lililo nyuma yako linategemea taa hiyo.

Na ile tabia ya kushuka Kibosho kwa frii, injini imezimwa kuokoa petroli? Ukizima swichi taa ya mbele inakufa, na mwendo wote unaubebesha breki, ambazo nazo zinachemka na kupungua nguvu. Shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ikushikilie.

Chini ya siti weka fyuzi mbili za ampea ile ile iliyomo. Ikiungua usifunge karatasi ya sigara, maana waya ndiyo itakayoungua badala yake, na nyaya zinapita chini ya tanki la petroli.