Jumla ilikuja sifuri

SWALI: Habari yako Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 26 naishi Kayole, nilimaliza fomu foo 2017 nikawa nauza kwa duka ya nguo hadi mwaka jana mwenye duka akafunga. Watu wakaniambia bila kompyuta siwezi pata kazi ya ofisi, basi nikachanga pesa nikasoma pakeji kwa koleji moja ya tao, miezi miwili, nikapewa cheti kimeandikwa pakeji nane. Juzi nikaitwa intavyu ya karani wa stoo huko Industrial Area. Tukawekwa mbele ya kompyuta tukapewa risiti kama ishirini hivi tuziingize kwa Excel tutoe jumla. Niliandika kila kitu vizuri, tarehe, jina, pesa, 1,500/=, 820/=, hivyo hivyo hadi mwisho, nikaweka fomula ya SUM venye tulifundishwa. Jumla ilikuja sifuri. Nikarudia, sifuri tena. Muda ukaisha, nikatoka nikilia hadi steji. Sasa koleji ingine inaniambia nilipe 12,000 nifundishwe Excel ya juu. Nilipe ama ni kichwa yangu haishiki kompyuta? – Msomaji, Kayole

JIBU: Usilipe binti yangu. Na kichwa chako hakina shida yoyote, hiyo sifuri najua ilitoka wapi.

Ni ile /=. Sisi tumezoea kuandika pesa na mkwaju na alama ya sawasawa hapo nyuma tangu tukiwa shule ya msingi, kwa daftari haina neno, lakini Excel ikiona 1,500/= inasoma maneno, ni kama umeandika jina la mtu, na SUM ikipita hapo inaruka maneno yote inajumlisha nambari peke yake, na wewe hukuwa umeipatia nambari hata moja. Ndio ukapata sifuri. Andika 1500, basi. Ukitaka Ksh ionekane utaiweka baadaye kwa fomati. Na iko njia ya kujua kwa macho tu: ukibonyeza Enter, nambari inajisukuma yenyewe hadi upande wa kulia wa kaboksi, maneno yanabaki kushoto. Ukiona pesa imekaa kushoto simama hapo hapo, usiendelee na risiti ya pili.

Kitu inaniuma kwa barua yako ni kwamba ulikaa miezi miwili darasani na hakuna siku hata moja mtu alikupatia risiti halisi mkononi. Ungekutana na hiyo sifuri huko ukiwa na mwalimu kando yako, ingekuwa kitu ya dakika moja. Badala yake umekutana nayo siku ya intavyu, na nauli umetumia. Mimi nimekaa kwa ofisi za mahesabu miaka mingi na nimekaa upande ule mwingine wa meza pia, na nakwambia wakati wa jaribio hakuna mtu anauliza cheti kina pakeji ngapi, wanaangalia mkono.

Ziko zingine za ukoo huo huo, na zinaangusha watu wengi. Nambari ya simu ikiandikwa kawaida ile sifuri ya mbele inapotea, 07 inabaki 7, kwa hivyo anza na hako kaalama ' halafu ndio uandike nambari. Tarehe nayo, kompyuta nyingi zimewekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi mbele siku nyuma, sasa wewe ukiandika 05/03 ukimaanisha tarehe tano Machi yenyewe inaweka Mei tatu na haikwambii kitu, lakini ukiandika 13/05 inakaa kushoto kwa sababu hakuna mwezi wa 13, na hapo ndio unashtuka. Halafu kupanga majina kwa alfabeti. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichagua safu ya majina pekee nikapanga, Excel ikaniuliza kama nataka kujumuisha safu zingine nikachagua hapana bila kusoma vizuri, majina yakahama mishahara ikabaki pale pale. Vibarua wakalipwa pesa za wenzao, na kuna mzee aliyepokea nusu ya haki yake akanyamaza siku mbili akidhani amekatwa. Sijawahi kusahau. Chagua jedwali lote kabla ya kupanga.

Sasa hiyo 12,000. Saiba ya shilingi moja kwa dakika, hiyo pesa ni masaa 200. Wewe huhitaji hata nusu. Nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, dakika sitini kila siku, na usiende kuangalia video, video angalia nyumbani kwa simu, saiba nenda na kazi. Kazi gani? Omba stetimenti yako ya M-Pesa ya mwezi mmoja, inakuja kwa imeili kama PDF. Iingize yote kwa mkono, tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, halafu ongeza safu moja uandike kila pesa ilikuwa ya nini, chakula, nauli, kodi. Kama aina ziko safu ya E na pesa iliyotoka ni safu ya D, andika =SUMIF(E2:E60,"nauli",D2:D60) uone mwezi huo umelipa nauli ngapi. Hizo ni pesa zako unazijua, jibu likiwa la uongo utajua tu, na ndio maana zinafundisha kuliko mfano wa kitabuni. Ukimaliza futa, anza upya, weka saa ya simu dakika ishirini.

Na kwa vile unatafuta stoo, tengeneza rejista ya stoo. Bidhaa, zilizokuwepo, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, fomula ni =B2+C2-D2 unaivuta hadi chini. Jifunze VAT pia, ile kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, bei ambayo haijawekwa VAT unazidisha kwa 16% upate VAT yenyewe, lakini bei ambayo VAT iko ndani tayari usizidishe hivyo, gawanya kwa 116 uzidishe kwa 16. Hapo ndio wengi wenye vyeti wanateleza.

Kwa CV toa hiyo mambo ya pakeji nane. Andika kwamba unaweza kuweka rejista ya stoo na kutoa jumla ya mwezi, uchapishe hiyo rejista karatasi moja uende nayo.

SWALI: Shangazi mimi sina kompyuta niko na simu tu, naweza jifunza Word na Excel na simu? – Kijana wa Githurai

JIBU: Fomula unaweza, Google Sheets ni ya bure na inashika fomula karibu zote ambazo ofisi ya kawaida inatumia. Excel yenyewe iko ya bure kwa mtandao ukifungua akaunti ya Microsoft, na kama kuna mtu ana kompyuta nzee haina intaneti mwambie aweke LibreOffice, hailipishwi. Lakini kibodi na mausi haviji kwa simu, na jaribio hautafanyia kwa simu, kwa hivyo tafuta hata masaa mawili kwa wiki ya kushika kompyuta.

Na tafadhali, ukiwa saiba usiache vitu yako pale. Nimeona deskitopu za saiba zimejaa CV za watu, kopi za kitambulisho, vyeti vya KCSE, kila mtu anayekuja baadaye anazifungua. Weka kazi yako kwa Google Drive, futa ile uliyodaunilodi, futa tena kule kwa pipa la takataka, halafu toka kwa imeili yako kabisa. Kufunga dirisha peke yake bado kunaiacha wazi.